Mashine Iliyolala Ndani ya Kitenge

Nyemo mwanangu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, lakini hali yako ninayo humu humu ndani ya nyumba. Sasa hivi umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Viatu vyako vya safari umeviacha mlangoni vimepigwa kiwi, na baba yako yuko uani anafunga kamba sanduku lako la bati kama vile ndani yake kuna ng'ombe. Treni ya Mwanza ni kesho. Ningeweza kungoja urudi nikuambie kwa mdomo, na nimejaribu wiki nzima. Kila nikianza najikuta nakuuliza kama umekula.

Baba yako ndiye aliyenipa karatasi. "Mama Nyemo," alisema, "kama mdomo umegoma, andika. Karatasi haina kiburi." Unamjua mtu wa Singida, akisema neno moja la maana kwa mwezi ameridhika. Amelisema, akarudi kwenye kamba zake.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala chandarua, wala marafiki wabaya. Hayo umeshayasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kukuandikia juu ya ile laptopu, na juu ya bibi yako. Tangu tumzike, unaniamkia kila asubuhi. Shikamoo mama. Marahaba. Halafu basi. Hakuna mtu anayeweza kukushtaki kwa utovu wa adabu, lakini shikamoo yako siku hizi ni ya mtu anayepiga hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia. Naumia, Nyemo. Na ninaogopa kwamba kesho utapanda treni na hodi yako hiyo, utazoea kuishi mbali, na ndani hutaingia tena.

Kwa hiyo nirudi Haneti kwa Bibi, mwezi wa sita. Ulikuwepo, najua. Lakini ulikuwepo upande wako, na mimi nilikuwa upande wangu.

Mjomba wako Elia alikuletea ile mashine kutoka Dar es Salaam ulipomaliza kidato cha sita. Mtumba, imeshatumiwa na watu wa Ulaya mpaka herufi ya A imefutika, lakini wewe uliipokea kama kitoto kichanga. Ukasema unakwenda nayo kwa Bibi kuchukua sauti yake. Nilikuambia, si uandike tu kwenye daftari? Ukasema, "Sitaki maneno, Mama, nataka sauti." Kule umeme hakuna, ukawa unaipeleka misheni kuichaji kwenye jenereta ya padri, unarudi mbio kabla chaji haijaisha. Bibi alipoona kile kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo wake akadhani ni redio, akauliza taarifa ya habari itasomwa saa ngapi.

Na mimi nikawa mkalimani, kwa sababu Bibi Kiswahili kilimpiga chenga maisha yake yote, na wewe Kigogo hukijui zaidi ya kusalimia mbukwa na kuomba maji. Nilikuwa mkalimani mbaya, ulinisema na ulisema kweli. Bibi anazungumza muda wa kuchemsha mlenda ukaiva, mimi nakugeuzia sentensi moja. Unakumbuka ile jioni ya mwisho? Alisema, akasema, akanyamaza, akasema tena. Mimi nikakuambia, "Anasema mwaka ule kulikuwa na uwele mwingi." Ukanitazama. "Mama, hayo yote ni uwele tu?" Nikajibu ndiyo, uwele tu, na nikainuka kwenda kuangalia moto. Jioni hiyo nitairudia. Kwanza nimalize ya asubuhi yake.

Asubuhi yake gari la kutuleta mjini lilikuja mapema kuliko alivyosema dereva, likaanza kupiga honi. Ulikuwa unasikiliza uliyoyachukua jana yake. Ukafunga kile kifuniko haraka, ukaniambia, "Nimeifunga, Mama," ukakimbia kumsaidia mjomba kupakia magunia. Nikaikuta juu ya kinu. Pembeni yake kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani, kinawaka kinafifia, kinawaka kinafifia. Nilikiona. Nikadhani ndivyo zilivyo, kama saa ya mkononi inayotembea hata ukiivua.

Sasa elewa mtu aliyesimama pale. Mimi nimejifunza kazi kwenye mashine ya chapa, taipureta. Mwalimu wetu wa uchapaji, mama mmoja mkali, alikuwa anapita kati ya meza jioni na rula mkononi, na alikuwa na wimbo mmoja: mashine isiyofunikwa ni ya mchapaji mvivu. Vumbi la Dodoma unalijua, linaingia hata kwenye yai. Basi sisi tulifunika. Kila jioni kifuniko cha turubai, na chini yake kitambaa, na mashine yangu ilidumu miaka wenzangu wakibadilishiwa zao. Ukitazama hapa nyumbani, redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina chake, na rimoti bado iko kwenye nailoni ya dukani, baba yako anabonyeza namba kwa kukisia. Ndivyo nilivyofundishwa kupenda kitu. Na mashine ya chapa ukiiacha, imeacha. Haina habari ya kulala.

Nikaichukua ile laptopu yako, nikaizungushia kitenge changu kipya, mara mbili. Nikaitia ndani ya mfuko wa rambo, nikafunga fundo la kukaza kwa meno. Nikaiweka ndani ya begi, nikaizibia pande zote kwa sweta lako na mfuko wa karanga alizotupa Bibi, isicheze. Nilijiona hodari. Ulipokuja ukasema, "Nipe niibebe mimi huko nyuma," nikakukatalia mbele ya watu. Nikasema wewe utasinzia uiangushe. Nikapanda mbele kwa dereva, begi mapajani, nikalikumbatia mpaka mjini.

Ile barabara ilikuwa inaturusha mpaka kichwa kinagusa bati. Tulipofika njia ya nusu nikaanza kuhisi joto mapajani. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata baba yako. Lile joto sikulitilia shaka. Nililifurahia. Jua lilikuwa linapiga upande wangu, nikasema ni jua, na asubuhi ilikuwa na baridi, nikalivuta begi karibu zaidi na tumbo. Ndani yake ilikuwemo sauti ya mama yangu na maneno aliyoyasema jana yake jioni. Nilikaa hivyo, nimeikumbatia na kuiua.

Ulipoifungua nyumbani kitenge kilikuwa kinanuka kama pasi. Yule fundi wa mjini, kijana mpole, alituambia, "Mama, hii haikuzimwa. Ilikuwa imelala. Ukifunga kifuniko inalala tu, na kikitikisika kidogo inaamka. Ikiamka ndani ya nguo haina pa kupumulia." Halafu akasema kuhusu ile sahani ya ndani, kwamba ilikuwa inazunguka huku gari linaruka, imejikwaruza, hakuna atakachotoa humo. Ulisimama pale kaunta. Mikono yako ulikuwa umeiweka nyuma, kama ulipokuwa mdogo ukingoja sindano.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ndilo linalokukaa kooni, kubwa kuliko kitenge. Sikukuambia pole. Nilikuambia, "Ni mashine tu. Bibi yupo, utamrekodi tena Krismasi." Nililisema kwa sauti ya ofisini, ile ninayowaambia watu kwamba bosi hayupo. Mtu mwenye aibu hutafuta neno dogo la kufunikia jambo kubwa, na mimi kufunika ndiyo kazi niliyosomea.

Mwezi wa nane, kwenye zile pepo za vumbi, Bibi akafa. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na wengi walinifariji hivyo hivyo pale msibani bila kujua wanazungumzia maji gani. Wewe ulichimba kaburi na wajomba zako, ukanawa mikono, ukaja kuniamkia. Shikamoo mama. Tangu siku ile ndiyo hiyo hiyo.

Nikuulize kitu, na hutakiwi kunijibu. Hivi hasira yote ni yangu? Kwa sababu nimekuona usiku mmoja ukifunga na kufungua kile kifuniko, unatazama kitaa, unafunga, unafungua. Nadhani unajihesabia na wewe. Wewe ndiye uliyeifunga bila kuizima. Kama ndivyo, sikiliza: ulikuwa unapigiwa honi, na ulikuwa na haraka ya kumsaidia mjomba wako mgonjwa wa mgongo. Mtu hawezi kubeba hatia ya kukimbilia magunia. Huo mzigo uniachie mimi, mimi nina mapaja ya kubebea vitu vya moto.

Sasa turudi jioni ile ya uwele.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sikukufundisha Kigogo, na nilikuwa nashukuru kwamba huulizi. Ningekujibu kwamba baba yako ni wa kabila jingine, kwa hiyo nyumba yetu ni ya Kiswahili, kama nyumba zote hizi za watumishi. Jibu zuri. Lakini baba yako amekufundisha Kinyaturu cha kutukania kuku, na mimi sikukupa hata hicho. Nilipokuja mjini kusomea uchapaji nilikuwa nazungumza na lafudhi ya Haneti. Wenzangu wanatoka Moshi, Tanga, Bukoba. Nikifungua mdomo mmoja ananyoosha kiganja kama ombaomba, eti ndio Wagogo, wengine wanakufa kwa kucheka. Utani, walisema, na kweli Watanzania tunataniana. Lakini mimi utani ule uliniingia. Nikajisafisha ulimi mpaka hakuna aliyejua natoka wapi. Mtu akiniuliza kwetu nilisema "hapa hapa kanda ya kati", kama mtangazaji wa hali ya hewa.

Kuna siku Bibi alikuja kututembelea, wewe ukiwa darasa la pili, na wageni wa ofisini wakanijia. Nikamwambia, "Mama, uongee Kiswahili, kuna wageni." Nilimwambia kwa Kigogo, kwa kunong'ona. Yeye hakubisha. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akanyamaza mpaka wageni wakaondoka, maana Kiswahili alikuwa hana. Walisema una mama mtulivu sana. Nyemo, yule mwanamke alikuwa akiongea mpaka ng'ombe wanasimama kumsikiliza.

Basi jioni ile, mbele ya mashine yako, alisema hivi. Nayaandika yote, safari hii bila kupunguza.

Alisema: "Mjukuu wangu anataka habari za zamani. Nitampa moja. Siku binti yangu anakwenda mjini kusomea mashine, alinifuata uwanjani kuniaga. Nilikuwa napura uwele. Nilimsikia amesimama nyuma yangu. Sikugeuka. Nilijiambia, nikigeuka nitamshika, nikimshika hatakwenda, na asipokwenda atakuwa kama mimi. Nikapura. Uwele ukaisha, nikapura makapi. Nilipogeuka hapakuwa na mtu, na gari lilikuwa limeshapita." Hapo ndipo aliponyamaza. Halafu akasema: "Mwambie huyu mtoto kwamba mama yake anadhani nilikuwa na hasira. Ameishi akidhani hivyo. Mimi sikuwa na hasira. Sikuwa na uso wa kumwonyesha."

Mimi nimekaa katikati yenu na hayo masikioni. Miaka yote hiyo nilidhani alikasirika kwamba nimewaacha shamba. Nilidhani mgongo ule ulikuwa laana, na ndiyo maana nilikuwa mwepesi wa kumnyamazisha. Nawe unaningoja, kipaza sauti mkononi, unasema, "Amesemaje, Mama?"

Anasema mwaka ule kulikuwa na uwele mwingi.

Ningesema neno moja la kweli ningelia, na nilikuwa sitaki unione nalia. Wala yeye sikumjibu. Niliinuka kwenda kuangalia moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nikasema moyoni, yamo kwenye mashine, hayapotei. Nitayasikiliza siku moja peke yangu, nitamjibu Krismasi. Asubuhi nikayafunga kitenge. Sasa unajua kwa nini sikutaka uibebe.

Majuto ni mjukuu, lakini yangu ni mwana, ana urefu wa futi sita na anaondoka kesho.

Ile sahani nyingine ya mtumba aliyoiweka fundi badala ya iliyokwaruzika inafanya kazi, na najua unaipeleka laptopu Mwanza. Kwa hiyo maagizo yangu ni hayo hayo ya mashine, maana hayo ninayajua kwa kuungua. Kabla hujaitia kwenye begi, izime kabisa. Usitosheke na kufunga kifuniko. Ngoja kitaa kizimike, weka sikio usikie feni imenyamaza, shika tumbo lake kama unavyomshika mtoto mwenye homa, likipoa ndipo uiweke. Usiizibe kwa nguo pande zote. Waya wake na lile tofali la chaji viweke mfuko wa pembeni, visikandamize kifuniko. Treni ikipita Zuzu vumbi litaanza kuingia madirishani na mkono utakuwasha kuifunika. Funga zipu ya begi, inatosha. Na begi likikupa joto mapajani, Nyemo, usiseme ni jua. Fungua utazame.

Kitenge nimekifua. Harufu imetoka isipokuwa kwenye pindo moja. Nimekiweka kwenye sanduku juu ya shuka zako, na ni cha kujifunika wewe. Mwanza wanasema usiku una unyevu.

Lingine ni hili. Bibi hayupo na sauti yake haipo, lakini Kigogo chake ninacho chote, hata matusi ya mbuzi. Nimekikagua wiki hii nikiwa peke yangu jikoni, kimekaa pale pale nilipokifukia, kama kaa chini ya majivu. Ukirudi likizo, ukitaka, ukiweka kipaza sauti chako mezani, nitasema kwa Kigogo halafu nitasema kwa Kiswahili, na urefu utalingana. Usipotaka sitakulaumu. Sauti yangu si yake, najua. Yeye alikuwa anaburuza mwisho wa maneno kama mtu anayevuta kamba ya kisima, na mimi nimeshajinyoosha mno ulimi.

Nimebakiza uongo mmoja, na huu hauna hata wiki. Nilikuambia kesho sitaweza kuja stesheni kwa sababu ofisini hawakunipa ruhusa. Sikuomba ruhusa. Nilipanga nikuage hapa mlangoni asubuhi, haraka, nikiwa nimeshavaa nguo za kazi na mkoba begani, nikuulize kama umekula, halafu niende nikachape barua za watu. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usije ukaniona nikilia. Baba yako alinitazama tu. Ndipo aliponiletea hii karatasi.

Nimeshamtuma mtoto wa jirani kwa mwenzangu wa ofisini, kesho atanishikia meza. Sina uso mzuri wa kukuonyesha, utauona hivyo hivyo ulivyo. Ukitaka kuniambia neno, sema. Ukiwa na shikamoo tu, nitaipokea, nitasema marahaba, na nitabaki nimesimama pale pale mpaka behewa la mwisho lipite. Mimi sina uwele wa kupura. Nitakuja stesheni.

Mama yako